Lugha Aliyoificha Bibi

Nilipokuwa mtoto, nyuma ya nyumba yetu Cheektowaga, Marekani, kulikuwa na kijisitu chenye kijito, na Bibi mzaa mama aliamini kwamba humo wanaishi watu wadogo wasioonekana. Bibi alikuwa wa Mi'kmaq, wenyeji wa asili wa mashariki ya Kanada. Baba yangu ni Mtanzania. Kila Jumamosi Bibi aliwawekea watu wale kipande cha mkate juu ya jiwe.

"Ukila cha kwao, watakupotezea njia," aliniambia.

Nilikuwa na miaka minane, mroho na mbishi. Jumamosi moja mchana niliula ule mkate wote, na siagi yake. Kugeuka nirudi nyumbani, njia siioni. Ukungu ulikuwa umeshuka, na kijisitu nilichochezea kila siku kikawa kigeni. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Ndipo nikamsikia Bibi akiita, kwa lugha ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Niliifuata sauti hadi nikamfikia. Alinivuta kifuani kwa nguvu.

"Bibi, ulikuwa unasemaje?"

Akanifuta makamasi kwa pindo la gauni. "Shuleni Wazungu walitupiga kwa sababu ya kusema lugha hiyo. Usimwambie mama yako."

Sikumwambia. Bibi alifariki nikiwa sekondari.

Sasa naishi Louisville. Nikitoka kazini nasoma habari za watu wake, nasikiliza masomo ya lugha yao yaliyorekodiwa, na naandika hadithi ya siku ile, ambayo nimeifuta sijui mara ngapi. Majira ya baridi yaliyopita mwalimu katika somo moja alitamka *juku'e*, yaani njoo hapa. Nililitambua: ndilo Bibi aliloniitia siku ile ya ukungu. Sikuweza kuendelea na somo.

Wiki iliyofuata niliendesha gari hadi Columbus, kwa mama mkubwa, kumuuliza kuhusu lugha ya Bibi.

"Mama hakuijua lugha hiyo," alisema. "Mimi ndiye niliyemuuguza. Ningeisikia."

Nikamsimulia yote. Akaniomba nilitamke lile neno, naye akalirudia polepole, mara tatu.

"Alilisema kwa ukali au kwa upole?"

Nikalitamka tena, kama nilivyolikumbuka.

Sijui kama nilipotezwa na watu wadogo au na ukungu tu. Ninachojua ni kwamba lugha ambayo Bibi aliwaficha wanawe ilimponyoka kwa hofu ya kunipoteza mimi, na kwamba binti yake, mzee wa miaka sabini, alikaa nami jikoni akinionea wivu kwa siku niliyopotea.