Miaka Saba ya Shamba la Mtoni

Mwezi wa Novemba mama yangu alikuja mjini na mtoto wa marehemu kaka yangu, debe la maharage na gunia dogo la ulezi. Mama anaishi peke yake na mtoto huyo ng'ambo ya mto, kijijini Msanzi. Mama mzazi wa mtoto aliolewa kwingine. Tulikubaliana tangu msiba wa kaka kwamba mtoto akifikia umri wa shule atakaa kwangu mjini, mtaa wa Katandala, kwa sababu kati ya nyumba ya mama na shule ya kijiji kuna mto usio na daraja, na masika mto ule huweza kufunga njia wiki nzima. Kila mwaka nilipouliza kwa simu, mama alijibu kwamba bado, mtoto hajafika. Mwaka huu nilimwambia amlete nimwone mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, na kuanzia Oktoba hadi Januari kazi yangu kubwa ni sare za shule. Elimu yangu ya darasani iliishia la saba. Mengine niliyasoma peke yangu, katika vitabu vilivyochakaa nilivyonunua sokoni kwa wauza karanga kabla hawajavichana kufungia bidhaa zao. Labda ndiyo sababu siliamini jambo mpaka nimelipima na kuliandika.

Shule nilizozifikiria zilikuwa mbili. Moja iko karibu, lakini mtoto lazima avuke barabara kuu yanakopita malori ya mahindi kutoka Laela. Nyingine iko mbali kidogo, na njia yake inapita katikati ya nyumba za watu. Nilikwenda zote kwa miguu, saa ya watoto kutoka, nikifuata mwendo wa mtoto na si wangu. Nilihesabu watoto wa darasa la kwanza wakitoka mlangoni. Nilifungua mabomba nione kama yanatoa maji, nikatazama kama vyoo vya wasichana vina milango. Dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda changu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliniona nikirudi na daftari.

"Fundi, shule unaichagua au unaichumbia?"

Nilimwambia mchumba mbaya mtu humwacha, lakini darasa la kwanza mtoto hupita mara moja tu. Akasema basi niulize kabisa na mahari.

Nilichagua ile ya mbali. Mwalimu mkuu alinipa fomu na kunieleza utaratibu wake. Nafasi za darasa la kwanza zilibaki chache. Mtoto aliyetimiza miaka saba ataingia moja kwa moja, hata kama hakusoma awali. Mwenye sita ambaye hakusoma awali itabidi aanzie huko, na awali ilikwisha kujaa, kwa hiyo angengoja mwaka mwingine. Barua ya mtendaji wa mtaa niliipata siku iyo hiyo. Ulibaki mstari mmoja wa fomu, wa tarehe ya kuzaliwa.

Cheti hakikuwapo. Mama alisema kadi ya kliniki ililiwa na mchwa, na kwamba mtoto ana miaka sita.

"Andika sita," alisema. "Wakisema asubiri, nitarudi naye. Mwakani si mbali."

Nilishika kalamu lakini sikuandika. Asubuhi ile nilikuwa nimempima mtoto nijue sare yake itakula kitambaa kiasi gani. Ni mdogo wa mwili. Kiuno chake na kimo chake ni vya mtoto wa awali. Lakini futi ilipomtekenya kwapani akacheka, na nikaona meno manne ya mbele, mawili ya juu na mawili ya chini, mapya na mapana. Nimepima watoto kwa miaka mingi. Wa miaka sita wengi huja kwangu na mapengo.

Sikumbishia mama. Nilimuuliza jambo jingine: mtoto huyu alipozaliwa, shamba la mtoni lilikuwa na nini?

Kwetu Ufipa shamba lina mzunguko wake. Masika yakielekea mwisho, majani hufukiwa ndani ya vichuguu vya udongo tunavyoviita ntumba, na juu yake hupandwa maharage. Mwaka unaofuata vichuguu husambazwa na ulezi hupandwa. Baada ya hapo mazao mengine hupokezana mpaka udongo uchoke, upumzishwe, kisha ntumba tena. Mama hajui kusoma, lakini sijawahi kumsikia akikosea mwaka wa shamba.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage, mtoto kando yake. Alijibu bila kuinua uso, na kadiri alivyoendelea sauti yake ilipata nguvu. Mtoto alizaliwa wakati wanalima ntumba, mama yake alishikwa na uchungu jembe likiwa mkononi. Mwaka uliofuata, ulezi, na ulikuwa mzuri. Kisha mahindi. Kisha karanga, zikaozeshwa na mvua. Kisha mahindi tena. Kisha shamba lilipumzika, mwaka ule kaka alipofariki. Kisha ntumba mpya. Kisha ulezi.

"Ulezi upi?" niliuliza.

"Si huu niliokuletea."

Nilikuwa nimeandika kila mwaka kwenye mstari wake. Nilihesabu kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu.

"Mama, ni saba. Na ntumba ni Machi. Machi ijayo anatimiza nane."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Wewe ulianza una kumi," alisema. "Na umekuwa mtu."

Ni kweli, nilianza nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa kifungua mimba, na wadogo zangu walihitaji mgongo wa kuwabeba. Nilimaliza la saba nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote, nimezoea kukaa dawati la nyuma na kuinama. Sijawahi kumlaumu mama kwa hilo, na siku ile pia sikumlaumu. Nilishusha macho kwenye ungo. Katika maharage aliyokuwa amekwisha kuyatenga kuwa safi, mawe yalikuwa bado mle. Mtoto alikuwa akiyaokota, moja moja, bila kuambiwa, na bila kumwangalia bibi yake, kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku.

Hapo nilielewa kwa nini kila mwaka ilikuwa bado: mama hakuwa akiyaona mawe yale.

Niliikunja fomu na mstari ule ukiwa mtupu. Sita nisingeiandika. Lakini sikujua kama ningeweza kuandika saba mama akikataa mbele ya mwalimu, na mimi sina karatasi yoyote ya kunishuhudia.

Jumatatu tulikwenda wote watatu. Mwalimu mkuu alimwamkia mama shikamoo, akamtafutia kiti, akasoma fomu. Aliuliza mbona nafasi ya tarehe ya kuzaliwa iko wazi. Nilianza kumweleza habari za shamba, na nilipojisikia nikitaja karanga ndani ya ofisi ile nikakatiza. Ndipo mama alipofungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Alitoa kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne ndani ya kipande cha nailoni. Haikuwa na alama ya mchwa.

"Wa Machi huyu, mwalimu," alisema. "Saba amekwisha kutimiza. Msimtazame mwili."

Mwalimu aliisoma kadi, akahesabu, akaandika tarehe. Kisha akaniuliza mimi kwa nini mtoto hakuletwa mwaka jana. Lilikuwa swali la haki. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Tulichelewa, mwalimu," nilisema.

Nimelifikiria sana jibu lile, kama lilikuwa la kweli au la kumsitiri mama. Naona lilikuwa la kweli. Kutoka Katandala hadi Msanzi si safari ya kumshinda mtu. Ningeweza kwenda mwaka juzi nikamwona mtoto kwa macho yangu, lakini mimi nilipiga simu tu.

Mwalimu aligonga muhuri. Mtoto akawa wa darasa la kwanza.

Mama asingeweza kukaa zaidi. Mvua zilikuwa zimeanza na mahindi yalikuwa hayajapandwa. Siku iliyobaki mimi na mtoto tulichambua debe zima, tukalifunga vizuri ili arudi nalo. Mama alikataa, akasema zawadi hairudishwi.

"Bibi, hayana mawe," mtoto alimwambia.

Hakubisha tena. Asubuhi, stendi, aliniuliza shule hufungwa lini. Nilimwambia kuna likizo fupi, Machi ikielekea mwisho. Akahesabu kwa vidole, Desemba, Januari, Februari, akafika Machi na kukishikilia kidole kile.

"Basi atakuta mahindi mabichi," alisema, akapanda basi, akaliweka debe kati ya miguu yake.