Kiti cha Nyuma cha Dada Yuluan

Kijijini kwetu ukimtaja Yuluan watu watakuuliza yupi, maana wako watatu. Ukisema Yuluan wa pikipiki, hakuna anayeuliza tena.

Nilimfahamu tangu utotoni, lakini nilimjua hasa kule bondeni, mkoani Guangdong, kwenye mji wa viwanda vya vigae ambako nusu ya kijiji chetu ilikuwa imehamia kutafuta riziki. Mimi nilikuwa kwenye tanuru. Yeye alikuwa chumba cha kukagua, anasimama kutwa akitazama vigae vinavyopita mbele yake na kutoa vyenye ufa. Mume wake, Shengkai, alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku katika kiwanda kingine. Walipanga chumba kilichopakana na changu, ukuta tu katikati, na kitanda chao kilikuwa hakipoi: mmoja akiamka, mwenzake ndiyo analala. Walizungumza kwa sufuria. Shengkai akikuta ubwabwa umefunikwa vizuri, alijua kuna amani. Akikuta sufuria imeoshwa na kupinduliwa, alikaa kitandani akikumbuka amekosea wapi, na mara nyingine alinigongea ukutani kuniuliza.

"Guangyi, jana nilisema nini?"

"Ulisema mengi, shemeji. Chagua."

Maana Shengkai alikuwa msemaji. Yuluan alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa hayarudii.

Kila mwaka, viwanda vilipofunga kwa ajili ya Mwaka Mpya, sisi watu wa milimani tulirudi kwetu kwa pikipiki. Ilikuwa safari ya siku mbili, katikati ya majira ya baridi, na barabara nzima ilijaa watu kama sisi, pikipiki mbele na nyuma, mabegi yamefungwa kwa kamba za mpira, mke nyuma ya mume, mtoto katikati yao. Tiketi za treni za zamani zilikuwa hazipatikani, na basi lilikuacha mjini, na kijiji chetu kiko juu kabisa. Pikipiki ilikufikisha mpaka mlangoni kwa mama yako.

Mwaka wao wa kwanza aliyeendesha ni Shengkai. Lakini Shengkai hawezi kusimulia bila mikono. Siku ya pili ya safari alikuwa akimweleza mkewe habari za kambare aliyemvua alipokuwa kijana, akaachia usukani amwonyeshe urefu wake, na wote wawili wakajikuta ndani ya jaruba la mpunga, maji ya baridi yanawafika magotini. Yuluan hakumgombeza. Aliinyanyua pikipiki, akaipangusa tope, akakaa mbele. Alikuwa amejifunzia pikipiki ya kaka yake zamani, kwenye njia za kijijini.

"Kaa nyuma," alimwambia. "Huko ndiko utampima kambare wako vizuri."

Kuanzia siku hiyo usukani ukawa wake. Tulikuwa kundi la pikipiki saba au nane, na bila mtu kumchagua akawa ndiye kiongozi wetu. Asubuhi ya kuondoka alitukagua mmoja mmoja kama anavyokagua vigae. Glavu za sufu, na juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo. Magazeti kifuani, ndani ya koti. Mifuko ya nailoni kati ya soksi na soksi. Magotini vipande vya mfarishi mkuukuu, lile blanketi nene la pamba, vimefungwa kwa kamba.

"Guangyi, magoti yako yako wapi?"

"Yapo, dada."

"Leo yapo. Ukifika umri wangu utayatafuta."

Akanifunga yeye mwenyewe, akakaza mpaka nikalalamika. Njiani alitusimamisha mara kwa mara, hata tulipodhani hatujachoka, akatulazimisha kukanyagakanyaga chini mpaka vidole vya miguu vianze kuuma. Kikiuma ni chako, alisema, kisichouma ndicho cha kuogopa. Vijana walimwita Mama Mfarishi, kisha wakanyoosha miguu wafungwe.

Na siku hizo mbili zote, nyuma yake, Shengkai alikuwa anaongea. Alitoa kila alichokiweka mwaka mzima: mlinzi mwenzake anayelala amesimama, ndoto alizoota mchana, shangazi yake anayetaka wamjengee choo, jinsi watakavyoweka madirisha nyumba yao ikiisha. Yuluan akiwa ndani ya helmeti hakujibu neno. Lakini tukisimama, akivua helmeti na kupuliza vidole, alijibu jambo lililosemwa milima mitatu nyuma.

"Shangazi mwambie tutaona," alisema. "Na madirisha yaangalie mtoni."

Sisi tulikuwa tunacheka. Wao hawakuona cha kuchekesha.

Halafu ikaja treni ya kasi. Reli ilipita chini ya milima yetu hasa, na wilaya yetu ikapata stesheni. Mtu aliweza kupanda asubuhi na kula chakula cha jioni kwao. Mwaka huo kundi letu lilipungua, na Shengkai akarudi chumbani siku moja na tiketi mbili, uso unameremeta kama bwana harusi.

Ukuta ule ulikuwa mwembamba, nilisikia yote.

"Kuna joto ndani, unavua koti," alikuwa anasema. "Unakaa, unakunywa chai, mlima unapita wenyewe. Magoti yangu, Yuluan. Usiku kazini yanalia."

"Basi panda."

"Na wewe?"

"Mimi nina pikipiki."

"Unanitania."

"Nimewahi kukutania?"

Asubuhi yake Yuluan akairudisha tiketi yake kwenye dirisha la stesheni. Shengkai alidhani atabembelezwa abaki, naye Yuluan alidhani mumewe atajirudi mwenyewe. Siku ya safari Shengkai akaenda stesheni na mabegi mawili makubwa, na sisi tukawasha pikipiki. Nyuma ya Yuluan, pale alipokuwa akikaa mumewe, palifungwa kifurushi cha zawadi.

Tuliposimama mara ya kwanza, alivua helmeti akageuza kichwa nusu, mdomo wazi. Kisha akaufunga.

"Ulikuwa unataka kumjibu?" nilimwuliza.

"Nilikuwa natazama kamba."

Tulikunywa uji wa moto kwenye hema la watu wa kujitolea, kando ya kituo cha mafuta. Nikamwuliza kwa nini hakupanda treni tu na mumewe, wakae pamoja kwenye joto. Alizungusha uji wake mpaka nikadhani hajanisikia. Lakini akasema, akitazama bakuli:

"Mwaka mzima namwona amelala. Huku barabarani ndiko namsikia."

"Sasa si ungemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba napenda kelele zake? Si atazidisha."

Siku ya pili mvua ilianza, ile nyembamba inayoganda inapogusa kitu. Iliganda kwenye vioo vya helmeti zetu, kwenye mikono ya makoti, kwenye nyaya za breki. Tulipofika mji mdogo chini ya mlima wetu, ilikuwa mchana, na mianzi pande zote imeinama mpaka chini kwa uzito wa barafu. Mingine ilikuwa inapasuka, ukisikia mlio kama fataki. Wenzetu wakasema wanalala pale pale. Simu za mlimani zilikuwa hazipatikani. Yuluan aliitazama barabara ya juu.

"Naenda mpaka kona ya kwanza nikaone," alisema. "Ikikataa narudi."

Nikamfuata. Sitaki kujisifu kwamba ni ujasiri. Niliona aibu kubaki.

Alinunua majani makavu ya mpunga kwa mwenye nyumba mmoja, akasokota kamba, akazungusha kwenye tairi zetu za nyuma. Tukapanda kwa gia ya kwanza, miguu yote miwili chini kama mabata, tukisukuma. Barabara iling'aa kama kigae kilichopakwa rangi na kutoka tanuruni. Nilianguka mara mbili kabla ya kona ya kwanza, yeye mara moja. Kona ya kwanza ilikataa kweli. Pikipiki yake ilirudi kinyumenyume, nikaikinga kwa mgongo, tukabaki tumeikumbatia wote wawili tunahema.

"Turudi, dada."

"Subiri nipumzike, halafu turudi."

Akatembea hatua kadhaa mbele kuchungulia, akishika majani ya kando ya barabara. Nikamwona anainama. Akavua glavu, akagusa chini, akanusa vidole.

"Guangyi, njoo. Hapa kuna majivu."

Kona ya pili yote ilikuwa imemwagiwa majivu ya jikoni, ya kijivu, bado na vipande vya mkaa ndani yake. Tukasukuma pikipiki mpaka pale kwa taabu, na tairi zilipokanyaga majivu zikashika. Sehemu zilizonyooka hazikuwa na kitu, lakini kila kona ilikuwa imetandikwa, pana, na mtu anayejua pikipiki inahitaji nafasi kiasi gani kugeuka. Tulipanda hivyo, tunateleza na kushika, mpaka tukasikia sauti ya mtu.

Yuluan akazima injini, akaniashiria nizime yangu.

Mbele yetu, akipanda mlima, alikuwa mtu mwenye mti wa kubebea mizigo begani na makapu mawili matupu yananing'inia, viatu vimefungwa kamba za majani. Alikuwa anaongea peke yake.

"...na chai yenyewe wanakuletea kwenye karatasi," alikuwa anasema. "Haina ladha. Na huwezi kutema mate. Na ukimwambia mtu ona ule mto, anakutazama kama umemkanyaga."

Yuluan alisimama pale mvuani akisikiliza. Sijui kwa muda gani, mimi vidole vyangu vilishaacha kuuma. Mwishowe akabonyeza honi. Shengkai aliruka, miguu ikamponyoka, akakaa chini juu ya barafu na kapu moja likamfunika kichwa. Alipolitoa, nyusi na masharubu yote yalikuwa meupe kwa majivu, kama babu wa mtu.

"Umechelewa," alisema.

"Kona ya chini kabisa hukuweka."

"Yalikwisha. Nilikuwa nafuata mengine."

Baadaye mama yake alitusimulia. Shengkai alifika jana yake jioni, akala, akakaa motoni, akaanza kusimulia treni, kisha akanyamaza katikati ya hadithi, jambo ambalo yule mama hakuwahi kuliona. Asubuhi alipoona mianzi imeinama, alikomba majivu ya jiko lao yote. Mama akamwuliza anayapeleka wapi, akasema barabarani. "Watu wanapeleka shambani," mama akasema, "wewe unapanda nini barabarani?" Akaenda nyumba kwa nyumba akiomba majivu, akashuka na kupanda mlima tangu asubuhi, na magoti yale yale yaliyokuwa yanalia.

Pale barabarani Yuluan hakumshukuru. Alimwinua, akampangusa masharubu kwa glavu ya mpira.

"Treni ilikuwaje?" aliuliza.

"Ina joto."

"Na nini tena?"

"Niliyekaa naye aliziba masikio kwa vile vidude vya muziki. Nilimsalimia asubuhi, mpaka nashuka hajaitikia."

Hapo Yuluan akacheka. Nilikuwa nimeishi ukutani kwake miaka yote ile sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti. Alicheka akishikilia usukani, machozi yakimtoka, na Shengkai akaanza kucheka pia bila kujua anachekea nini. Kisha Yuluan akakifungua kamba kile kifurushi cha zawadi, akanirushia mimi.

"Panda," alimwambia mumewe.

"Kwenye barafu hii? Uzito utaongezeka, bora nitembee."

"Uzito nyuma ndiyo unashikisha tairi. Na mgongo wangu una baridi tangu jana. Panda."

Akapanda, makapu yake mikononi. Kona zilizobaki zote zilikuwa na majivu, na kabla hatujafika ya kwanza nilimsikia ameanza, kwamba mama yake ametia samaki wapya wa kuchachusha kwenye mtungi, kwamba paa la ghala limevuja, kwamba mtu wa treni alikuwa na viatu vya ajabu. Tuliingia kijijini jioni haijaiva. Mama yake alitupa chai ya mafuta ya kwetu, ile ya majani yaliyokaangwa kwanza, na bisi za mchele kwenye bakuli kubwa, na mimi vidole vilipoanza kuniuma tena nililia waziwazi. Hakuna aliyenicheka isipokuwa Shengkai.

Wenzetu waliolala chini walipanda kesho yake kwa miguu.

Miaka iliyofuata walikwenda na kurudi kwa pikipiki, wao wawili, hata kundi lilipokwisha kabisa. Nyumba yao iliisha. Madirisha yanaangalia mtoni. Mama yake Shengkai alipozidiwa na ugonjwa walirudi kijijini moja kwa moja, na sasa Yuluan hubeba akina mama kwenda gulioni, kiangazi na masika, na wakati wa barafu pia. Shengkai magoti yamekataa baridi. Analima mboga, na jioni mkewe humkanda kwa pombe ya mchele yenye pilipili huku yeye akipiga kelele kwamba anachomwa.

Mwaka jana nilikuja kwa treni. Siku hizi hata mimi. Nilipotoka stesheni mvua nyembamba ilikuwa inaanza kuganda, na Yuluan alikuwa amesimama kando ya pikipiki, kipande cha mfarishi mkononi. Mama yangu alikuwa amemtuma.

"Magoti," alisema.

Nikanyoosha miguu, akanifunga. Nikakaa kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ni kweli, nyuma ya mgongo ule upepo haukufikii. Nilijaribu kumsimulia habari za kiwanda, nani amefukuzwa, nani ameoa, nikadhani hasikii. Alinishusha mlangoni kwetu, akakataa kuingia kunywa chai kwa sababu Shengkai anamngoja ndiyo ale. Akavua helmeti kidogo.

"Yule aliyeoa," alisema, "mkewe ni wa wapi?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akavaa helmeti, akashuka mteremko polepole, miguu yote miwili nje inakwaruza barafu.