Kazi Nyepesi ya Jikoni

Mdogo wangu alikuwa na kawaida ya kuniomba mabaki ya vitambaa. Kila alipokuja Kisumu kutoka nyumbani kwa mume wake, upande wa Bondo, alipita kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Kibuye, akainama chini ya meza ya cherehani na kuanza kuchagua. Hakuchukua kila kitu. Alitaka pamba tupu, isiyo na nailoni, iliyofumwa kwa nyuzi zilizobanana. Alikinyoosha kipande mbele ya mwanga, na kama mwanga ulipenya kwa urahisi alikirudisha chini.

Sikumuuliza ni vya nini. Alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, ya pili ikiwa imekua kiasi kwamba walichimba kaburi. Mwanamke kama huyo akikusanya pamba laini, humuulizi. Nilidhani ni vya nepi. Kwetu watu hawapendi kumnunulia nguo mtoto ambaye hajazaliwa, lakini mabaki si nguo, na niliona kwamba amepata njia yake ya kungoja bila kusema kuwa anangoja.

Tumbo lake lilipoanza kuonekana nilimshonea gauni pana, nikafunga kibanda na kumpelekea mwenyewe.

Nilimkuta mama mkwe wake uani, akiponda mawe pamoja na mwanamke jirani. Eneo lile lina dhahabu kidogo kidogo. Wanaume hushuka mashimoni. Wanawake hawaruhusiwi, kwa sababu inaaminika kwamba mwanamke akishuka dhahabu hukimbia. Kwa hiyo mawe hupandishwa juu, nao wanawake huyaponda mpaka yawe unga, wakaosha unga huo kwenye karai na kumaliza kazi iliyobaki.

"Karibu, Mama wa Kisumu," mama mkwe aliniita. "Umekuja kuponda ama umekuja kukula samaki tu?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa wenu."

"Mgonjwa gani? Huyo tumemweka kama malkia. Hapondi mawe, habebi maji, jua halimpati. Nimempa kazi nyepesi ya jikoni."

"Mimi nikiwa na mimba nilipewa nyundo," jirani alisema.

"Wewe ulikuwa na nguvu za punda."

"Na mume wa punda pia," akajibu, nao wakacheka mpaka nyundo zikasimama.

Nilimshukuru mama mkwe, na nilimaanisha. Nimewaona wake wa watu wakifukuzwa kwa sababu ya mimba zilizotoka. Huyu alikuwa amempeleka mdogo wangu kuombewa kanisani, na kila mimba alimpunguzia kazi.

Nilisukuma mlango wa jikoni.

"Funga haraka," mdogo wangu alisema kabla ya salamu. "Upepo utaharibu. Na wapita njia wataona tumepata nini leo."

Jikoni mlikuwa na dirisha moja dogo, limezibwa kwa gunia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa. Sufuria ya ugali ilikuwa imeteremshwa pembeni, na juu ya makaa palikuwa na mkebe mtupu wa samaki. Mapajani alikuwa na kitambaa cha samawati chenye madoa meupe. Nilikitambua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshona magauni ya kwaya kwa kitambaa hicho. Alitia ndani yake tope zito la kijivu alilolikoroga kwa mkono mtupu, akasokota shingo ya kitambaa, akakamua. Matone ya rangi ya fedha yalijitokeza kwenye vitundu vya pamba. Hayakuilowesha. Yalidondoka kwenye kikombe na kujikusanya kuwa tone moja kubwa lililotetemeka.

Sikumaliza shule. Vitabu vyangu vya sayansi nilivinunua pale pale Kibuye, kwenye mafungu ya mitumba, nikavisoma nikingoja wateja. Zebaki nilikuwa naijua kwa maandishi na mchoro tu. Nilisimama nikitazama kile kikombe, na kwa muda sikukubali kwamba nakiona.

"Hii ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kukamata dhahabu. Inakunywa dhahabu yote iliyo kwenye tope. Halafu ukiichoma, yenyewe inaenda, dhahabu inabaki." Alifungua kitambaa na kunionyesha donge dogo la kijivu lililobaki, kisha akaliweka kwenye mkebe juu ya makaa.

"Inaenda wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Inaenda tu."

Nilitazama dirisha lililozibwa, kisha mlango niliokuwa nimeufunga kwa mkono wangu, kisha tumbo lake. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Hilo nilikuwa nimelisoma na kulipigia mstari, kama jambo la kushangaza la mbali. Niliufungua mlango kwa teke, nikambana mkono na kumtoa nje. Alidhani nimeona nyoka. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka ndani ya wangu, na hata alipotulia na kuanza kunicheka haukuacha.

Tulikaa kwenye kivuli cha nyumba. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilimpa gauni alijaribu, nikaona upindo unahitaji kushushwa. Nilimpa uzi na sindano. Mimi ndiye niliyemfundisha kutunga uzi alipokuwa mdogo, na baada ya muda mfupi akawa mwepesi kuliko mimi. Sasa alilenga tundu, akakosa. Akalamba uzi, akalenga tena, akakosa.

"Mtoto ananimaliza nguvu," alisema, akanirudishia sindano.

"Nepi umeziweka wapi?"

"Nepi?"

"Vitambaa ninavyokupa."

Aliingia chumbani akatoka na mfuko. Vilikuwa vyote mle, vimefuliwa na kukunjwa vizuri. "Nikishakamulia navifua na kuviweka," alisema. "Pamba nzuri haitupwi. Vitamfaa mtoto."

Nilichukua kimoja nikakikung'uta. Vijitone vya fedha, vidogo kuliko punje za mtama, vilitawanyika juu ya udongo na kupotelea kwenye nyufa. Nilikung'uta cha pili. Ikawa vile vile. Sikuweza kukishika cha tatu.

Nilirudi kwa mama mkwe nikamweleza kwa maneno machache niliyoweza kuyapanga: kwamba ile dawa ni sumu, kwamba mvuke wake huingia kwenye damu ya mama na kumfikia mtoto tumboni, kwamba kati ya kazi zote za uani ile ndiyo isiyomfaa mjamzito hata kidogo. Hakuinua kichwa.

"Mimi nimechoma dawa hiyo tangu nikiwa bibi arusi," alisema, "na nimezaa."

"Na wale uliowazika?" jirani aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe nyamaza." Lakini nyundo aliiweka chini, na hakuiokota tena mpaka tulipoondoka.

Nilimleta mdogo wangu Kisumu. Mume wake hakubisha. Aliniomba tu nisiwaambie watu wa kanisani. Hospitalini daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza mkojo upimwe, na majibu yalipokuja akafunga mlango kabla ya kuyasoma. Zebaki ilikuwa nyingi mno mwilini mwake.

"Ndiyo iliyotoa zile mbili?" mdogo wangu aliuliza.

"Siwezi kuapa. Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Ninachojua ni kwamba inaweza, na kwamba kondo la nyuma haliizuii. Usirudi kwenye moshi ule."

"Na huyu?"

"Huyu tutamwona akizaliwa, na tutaendelea kumwangalia akikua."

Alizaliwa msichana, hai, wakati wake ukiwa umetimia. Ananyonya. Anashika kidole. Mama yake akiwa anaoga, mimi hupiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto nione kama atageuka. Mara nyingi hugeuka. Asipogeuka najiambia amesinzia, kisha napiga tena. Sijamwambia mdogo wangu kwamba nafanya hivyo. Juzi nilirudi kutoka dukani nikasikia makofi nikiwa mlangoni.

Jana mama mkwe alipiga simu. Tuliiweka kwenye spika ili sote tumsikie. Alimshukuru Mungu, akauliza mtoto anafanana na nani, akamtania mdogo wangu kwamba maisha ya mjini yatamfanya asahau kusonga ugali. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama wa Kisumu, usisahau vitambaa. Vile vizuri vya pamba. Huyu mke wa mwanangu mdogo naye amepata mimba. Nimemtoa kwenye mawe."

Nilikuwa nimeamini kwamba nyundo ile iliyowekwa chini ilimaanisha kitu.

"Umempa kazi gani?" mdogo wangu aliuliza.

"Ile nyepesi. Usiogope, huyu si kama wewe. Wewe mwili wako ulikataa dawa. Huyu ana afya."

Mdogo wangu alinikabidhi mtoto, akaichukua simu kwa mikono yote miwili ili isitetemeke.

"Mama, yuko wapi sasa hivi?"

"Nani? Si yuko ndani, anachoma."

"Mfungulie mlango."

"Nje watu wataona."

"Waone. Mama, nakuomba, nenda umfungulie. Nasubiri hapa, sikati simu."

Kuku walisikika uani. Kisha tukasikia malapa yakiburuzwa pole pole, bawaba ikilia, na sauti ya msichana kutoka ndani, changa na yenye haraka, ikisema, "Funga, Mama, upepo utaharibu."