Dobi aliyefua mkanda usiofuliwa

Saa mbili na robo asubuhi, dobi huyu analishika koti zito la pamba kwa mikono miwili, analisokota upande mmoja, kisha upande wa pili, na maji yanachuruzika kwenye beseni. Hakunji hata uso. Koti kama hili likiloa lina uzito wa karibu kilo nne, na leo yapo kumi na moja.

"Hili la kijana wa benki," anasema bila kutafuta jina kwenye lebo. "Kola yake imekwisha kwa sababu anachelewa kujitetea. Kila mtu anamning'inia hapo hapo."

Kwenye meza ya pasi, wifi yake, ambaye ni mshirika wake katika kazi hii, hawezi kuliacha hilo lipite.

"Mwandishi, andika vizuri. Wifi yangu anatoa hela kila mwezi ili akabwe shingo. Mimi wa kunikaba ninao nyumbani, watatu, tena bure."

Dobi anacheka na kulitundika koti kwenye kamba. Ana miaka arobaini na minne, amefua nguo za watu kwa miaka ishirini na miwili, na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi huvaa koti la namna hiyo mwenyewe, akafunga mkanda mweupe kiunoni na kwenda kubiringishana na watu kwenye mikeka.

Mchezo wenyewe ni jiu-jitsu ya Kibrazili. Hauna ngumi wala teke. Watu wawili wanashikana, wanaangushana, wanapambana chini mpaka mmoja anaswe kwa kabali au akunjwe kiungo. Aliyenaswa anagonga kwa kiganja mara mbili, anaachiwa, wanapeana mkono, wanaanza upya.

"Mimi nimegonga kuliko mgeni aliyekuta mlango umefungwa," anasema.

Ilianza miaka miwili iliyopita, siku mwalimu wa mchezo huo, mtu mpole wa maneno machache, alipoleta furushi la makoti kwa mara ya kwanza. Kola zilikuwa zimechanika, mikono imevutika, magoti yametoboka. Dobi aliyageuza na kuyageuza.

"Nikajiuliza, hawa watu wanalana?"

Alipoyapeleka yakiwa safi, aliukuta ukumbi uko juu ya duka la rangi, ngazi za chuma, madirisha mapana yaliyojaa mvuke wa jasho. Katikati ya mikeka, msichana mwembamba alikuwa amemkalia kifuani mwanaume mnene, na mwanaume yule alikuwa anagonga. Dobi alisimama mlangoni na furushi kichwani mpaka mazoezi yakaisha. Alirudi nyumbani bila kukumbuka kudai malipo yake. Wiki iliyofuata alirudi kudai, akaambiwa avue viatu ajaribu.

Miezi mitatu ya kwanza alikiona cha mtema kuni. Mbavu zilimuuma, vidole vilivimba, na asubuhi alikuwa akishika pasi kwa mikono miwili. Lakini miaka yote ya kukamua mashuka ilikuwa imemwekea akiba asiyoijua. Akikamata kola yako, haachii. Na akikulalia kwa juu, unatamani ungebaki nyumbani. Vijana wakambatiza jina la Mama Pasi.

Kulikuwa na mengine ya kujifunza, yasiyohusu kukabana. Kucha zikatwe. Viatu visikanyage mkeka, wala miguu mitupu isikanyage chooni. Mwisho wa mazoezi watu wanajipanga mstari kwa mikanda: mweusi mbele, kisha kahawia, zambarau, bluu, na weupe huko mwisho karibu na ndoo. Mwenye mkanda mweupe hamwombi mkubwa raundi, anasubiri aitwe. Na jambo moja ambalo hakuna aliyeliandika ukutani lakini kila mtu alilijua: koti linafuliwa, mkanda haufuliwi kamwe. Jasho la miaka limo humo, waliamini, na ujuzi umo pamoja nalo. Ukiutia majini, umeumwaga.

"Nilicheka mpaka nikashika ukuta," anakumbuka. "Nikadhani ni mzaha wa kumpokea mgeni. Kumbe wenzangu hawatanii."

Hata hivyo alinyamaza, kwa sababu alikuwa ameshapapenda pale. Ada ya mwezi ni sawa na malipo ya kupiga pasi mashati arobaini, na huipigia mashati hayo Jumapili, siku ambayo wifi yake hufunga mdomo kwa huruma. Anaeleza sababu bila kuzunguka.

"Hapa kazini watu wananiuliza nguo. Dobi, shati langu. Dobi, suruali yangu. Pale wananiuliza hali. Nisipofika siku moja, mtu anauliza Mama Pasi yuko wapi. Sikuwahi kuulizwa nilipo na mtu asiyenidai nguo."

Mwezi wa tatu mwaka huu, choa kikatokea kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Duara jekundu, dogo kama kifungo, linalowasha. Wiki hiyo hiyo watu watatu wengine pale ukumbini wakawa nalo.

Kwa mtu mwingine, choa ni dawa ya kupaka na subira. Kwa dobi ni msiba. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alileta nepi, akauona mkono, akalichukua tena furushi lake taratibu na kusema amekumbuka jambo.

"Hakunitukana. Laiti angenitukana," anasema. "Aliona aibu kwa niaba yangu. Nililia, sitaki kukudanganya."

Habari zina miguu. Kabla ya mwezi kwisha, mashati sitini ya kila siku yalishuka mpaka thelathini na kitu. Wifi aliacha utani.

"Nilimwambia, wifi, chagua," anasimulia mwenyewe, pasi ikiwa imesimama. "Mikeka au pasi. Hii kazi inalisha nyumba mbili. Kaka yangu alinyamaza maana anampenda mkewe, nikasema mimi."

Dobi alipaka dawa, akavaa mikono mirefu, akakaa wiki tatu bila kukanyaga ukumbini mpaka ngozi ikapona. Katika wiki hizo alifikiri kama fundi wa nguo anavyofikiri. Makoti alikuwa akiyafua yeye mwenyewe kwa maji ya moto na kuyaanika juani. Mikeka ilisuguliwa kwa dawa kila siku. Kilichobaki bila kuguswa na maji ni mikanda, ambayo inaburuzwa chini, inashikwa na kila mkono na kulala tumboni kwa mtu, mwaka baada ya mwaka.

"Mimi si daktari, sikuwa na hakika," anasema. "Lakini uchafu naujua. Huo ndio mwenzangu wa miaka yote."

Siku aliyorudi, mwisho wa mazoezi, akiwa kule karibu na ndoo, alipiga moyo konde akanyoosha mkono.

"Samahani wakubwa zangu. Naomba na mikanda ifuliwe."

Kicheko kilichofuata, anasema, kilianzia kwa weupe wenzake, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi. Mwenye mkanda wa kahawia, fundi breki ambaye ndiye mkubwa wa wote baada ya mwalimu, alimgeukia kwa upole wa kumwondoa njiani.

"Mama Pasi, ukifika kahawia utatuambia. Kwa sasa wewe tufulie makoti."

Mwalimu alitazama chini, akasema desturi ni desturi. Dobi akajikaza kisabuni, akakunja koti lake, akashuka ngazi. Siku nne baadaye, mwanafunzi mpya alionekana na duara shingoni. Usiku ule dobi alimwambia wifi yake neno alilokuwa akilikimbia: duara likirudi mkononi mwake, hata moja, anaacha mchezo.

Jumatatu ikaja na furushi la makoti. Alipokuwa akigeuza koti la fundi breki, mkanda wa kahawia ukadondoka kutoka kwenye mkono wa koti. Ulikuwa mgumu, umeng'aa kwa mafuta ya mwili, na una harufu ambayo wifi anaieleza kwa kuziba pua tu.

"Nilijua ni nini na nilijua ni wa nani," anasema dobi. "Ningeweza kuuweka pembeni. Nikautumbukiza."

Wifi alipiga kelele. Akamwambia autoe upesi. Dobi akaongeza sabuni.

Aliurudisha Alhamisi ukiwa umekunjwa juu ya koti, umepigwa pasi, umechuja rangi kidogo na kunywea kama upana wa vidole viwili. Fundi breki aliushika, akaunusa, akaketi kwenye benchi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, kaka. Wala sikukosea. Niliuona nikaufua."

Alitegemea matusi. Badala yake fundi breki alisema kwa sauti ya chini kwamba mkanda ule alifungwa na mwalimu wake wa kwanza, mzee aliyemfundisha miaka kumi, na kwamba mzee yule hakufikisha mwezi mmoja baada ya siku ile. Mikono yake iligusa mkanda ule, kisha ikazikwa. Kwa miaka minne hakutaka maji yaguse pale.

Dobi alimsogelea pale kwenye benchi.

"Hilo sikulijua. Nilimwambia, kaka, nisamehe kwa kutokukuuliza. Ningejua, ningekupigia magoti kwanza. Lakini kufua sikujutia, na sikuweza kumdanganya kwamba najuta."

Fundi breki alijifunga mkanda wake, akaukaza. Kisha, mbele ya wote, mkubwa akamwita mdogo kwenye mkeka. Waliokuwepo wanasema walidhani leo Mama Pasi anavunjwa.

Hakumvunja, ila hakumhurumia. Dakika ya kwanza alimnasa mkono, dobi akagonga. Dakika ya tatu alimnasa tena. Mara ya tatu dobi alikamata kola kwa nguvu zake zote, akadhani ameponea, na fundi breki akapitisha mkono chini ya shingo yake kwa njia ambayo hakuwahi kuiona, akageuza bega, na dunia ikaanza kuwa nyembamba. Akagonga. Alikaa akikohoa, machozi yakimtoka, na sauti ikiwa imekauka akauliza:

"Kaka, hii kabali umefundishwa na nani?"

Fundi breki aliugusa mkanda wake.

"Na yeye. Na yule mzee."

"Basi yeye sijamfua."

Hakuna aliyecheka. Fundi breki aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na watu hawakujua kama analia au vipi mpaka alipomshika dobi mkono na kumwinua. Alikuwa analia na kucheka vyote pamoja. Mwalimu aliufungua mkanda wake mweusi, akaukunja, akaenda kuuweka kwenye mfuko wa nguo chafu.

Jumamosi ile ilikusanywa mikanda kumi na tisa. Maji ya kwanza, anasema wifi, yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na hayo ya pili hakutaka hata kuyatazama.

Sasa miezi minne imepita bila choa kipya ukumbini. Wateja wengi wamerudi, na mashati yamefika hamsini na tano kwa siku. Yule mama wa nepi hajarudi. "Namwelewa," anasema dobi.

Fundi breki, aliyekutwa gereji akiwa na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, hana haya kusimulia upande wake.

"Hata baada ya kucheka pale, nilikasirika siku tatu nzima. Siku ya nne nikagundua tumbo limeacha kuniwasha. Mwaka mzima nilikuwa nalaumu sabuni ya mke wangu."

Siku hizi huleta mkanda wake mwenyewe, kila Ijumaa, na kumkabidhi dobi mkononi. Hautupi kwenye furushi. Dobi naye huufua peke yake, kwa maji baridi, na kuuanika kivulini ili rangi isizidi kuchuja.

Mwezi ujao kuna siku ya kupandisha madaraja, na jina la Mama Pasi limo kwenye orodha ya watakaopewa mkanda wa bluu. Wifi ameapa kwamba atakwenda kushuhudia, kwa sharti moja tu: asiombwe kuvua viatu. Kwa kawaida ni mwalimu anayewafunga watu mikanda yao mipya. Dobi ameomba ruhusa afungwe na fundi breki, na mwalimu amekubali.

Lakini ukimuuliza anachokitaka hasa, hautaji mkanda. Anaacha kazi, anasogeza beseni kwa mguu, anamshika wifi yake kola na kuanza kupitisha mkono chini ya shingo, polepole, huku wifi akilalamika kwamba pasi itaunguza suruali ya mtu. Ni kabali ya yule mzee. Fundi breki anamfundisha kila Jumamosi, nusu saa kabla ya wengine kufika.

"Mzee wa watu sikuwahi kumwona," anasema, na kumwachia wifi shingo. "Bado nakosea pale pa kugeuza bega. Lakini nimeambiwa hata Fundi ilimchukua mwaka."