Mjomba Anataka Niseme Sindano Ile Nilichoma Mimi

Admin, naomba usitaje jina langu wala kijiji, maana huku mwambao wa Ziwa Nyasa tunajuana mpaka kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, mzaliwa wa Matiri, kule juu kwenye kahawa. Sijaolewa, nina mtoto mmoja. Kazi yangu ni mtoa dawa kwenye duka la dawa la mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja.

Mjomba ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ushirika ulipoyumba na kahawa ikaachiwa wanunuzi binafsi, alizunguka vijijini kununua. Biashara ikamkataa, akageukia dawa. Akafungua duka la dawa baridi huku ziwani, yale ya dawa ndogondogo, enzi hizo ukiwa na kabati na kufuli watu wanakuita daktari. Baadaye serikali ikabana: duka la dawa muhimu, kama yanavyoitwa sasa, auze mtu aliyesomea, na cheti chake kitundikwe ukutani. Ndipo mjomba akanipeleka mimi kwenye mafunzo. Nilifurahi jamani, acha tu.

Kule tulielezwa bila kificho. Dawa za sindano hatuuzi, kumchoma mtu sindano dukani ndiyo marufuku kabisa, na mwenye cheti asipokuwepo duka lisifunguliwe. Niliporudi nikamweleza mjomba yote. Akaitikia, "Sawa, mwanangu." Kumbe alichokisikia ni kimoja tu, cheti kiwe ukutani.

Msimu wa kahawa wa mwaka huu niliomba ruhusa nikamsaidie mama kuchuma. Kwetu kahawa ikiiva hata mwalimu anapanda mlimani kwao kuchuma. Nikamwambia mjomba tufunge duka mpaka nirudi. Akacheka. "Tufunge kwa nini? Cheti chako si kinabaki, na picha yako ipo pale?" Nikabisha, tukavutana weee, mwisho akasema haya, atafunga. Nikamchukua mwanangu tukapanda gari.

Hakufunga. Dukani akamkalisha mkewe, Mama Tumaini, ambaye shule yake ya dawa ni kuniangalia mimi nikihesabu vidonge. Akaja rafiki yangu, muuza usipa, wale dagaa wa huku ziwani, amembeba binti yake Upendo wa miaka minne, anachemka homa, zahanati dawa zimeisha. Mama Tumaini akatoa chini ya meza sindano ya kwinini, ambayo hata mimi sikujua kama ipo, akamchoma mtoto takoni. Homa ikashuka, lakini mguu ukalegea, mpaka leo anauburuza. Hospitalini walisema sindano iligusa mshipa wa fahamu, wakatoa taarifa wilayani.

Narudi kutoka Matiri nakuta maofisa wa wilaya wamelifunga duka, na mjomba ananisubiri na soda mezani. Soda! Mtu ambaye chai yenyewe anakuhesabia sukari. Akaniambia, "Mwanangu, nimewaeleza kuwa sindano ulichoma wewe. Wewe una cheti, watakuonya tu. Mke wangu hana, huyo wanamfunga."

Nikamwambia, "Mjomba, hata mwenye cheti haruhusiwi kuchoma. Atakayefungwa ni mimi."

Akanisogezea ile soda, akasema, "Basi mwanao tutamlea, kama tulivyokulea wewe."

Soda niliiacha pale pale. Asubuhi yake nikapanda tena Matiri, nikijua mama atashuka na mimi wilayani aseme nilikuwa naye shambani. Nilimkuta anachambua kahawa, hata hakuinua uso. "Mjomba wako alinipigia simu, na jana maofisa walifika," akasema. "Nimewaambia mwaka huu hukuja kuchuma."

"Mama! Si tulichuma wote?"

"Yule ni kaka yangu. Siku tulipokosa unga nani alituletea? Wewe bado kijana, utatoka tu."

Mama yangu mzazi, jamani. Nikawafuata majirani tuliochuma nao bega kwa bega. Wote ni ukoo mmoja na mama. Eti kila mmoja hakumbuki kuniona. Nililia njia nzima ya kurudi, abiria wakidhani nimefiwa.

Nikabakiwa na tegemeo moja, rafiki yangu, maana yeye alikuwepo na alimwona aliyemchoma mwanawe. Jana alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni. Nikamkimbilia, nikamwambia, "Dada, Mungu amekuleta, twende ukawaambie ukweli." Akamshusha Upendo, akaanza kufuta machozi na khanga.

"Dada, nisamehe," akasema. "Mume wangu ameshakaa na mjomba wako. Wamekubaliana niseme ni wewe. Mjomba wako atampeleka mtoto kwenye mazoezi ya mguu mpaka apone. Mkewe akifungwa, hatoi chochote. Sisi tutampeleka na nini, na usipa?"

Nikamuuliza, "Na mimi je?"

Akapiga magoti. Mtu niliyekula naye sahani moja akanipigia magoti mimi! "Kubali tu, dada. Kubali mwanangu atembee." Na Upendo amesimama katikati yetu, ameshika gauni langu asianguke.

Mnaosoma hapa, msiniambie nikimbie, sina pa kukimbilia. Wala msiniambie Mungu yupo, najua yupo. Kesho kutwa natakiwa wilayani kutoa maelezo. Nikisema kweli, mama yangu anaonekana muongo mbele ya serikali, shahidi sina, na mguu wa mtoto yule hautashughulikiwa na mtu. Nikikubali, naingia jela kwa sindano nisiyoishika, na mwanangu analelewa na watu hawa hawa. Ninyi mngekuwa mimi, pale mbele ya afisa mngefungua mdomo mseme nini? Niambieni, maana mimi nimeshindwa.