Madereva Wanne

Binti yangu anasomea kompyuta Arua. Ametengeneza programu inayohisi gari likiruka tuta au kukata kona, ikajua mwenye simu amekaa wapi, ili simu ya dereva peke yake inyamaze njiani.

Tuliijaribu tukienda Koboko kwa gari la kaka yangu, yeye akiendesha. Tulipofika, programu ikasema tulikuwa madereva wanne, na nyuma hapana mtu. Nilichemka. Mimi usukani sijaugusa maishani!

Kumbe sote tulikuwa tumempa kaka simu azichaji pale mbele kando ya usukani, kama kawaida yetu, maana kijijini Abuku hatuna umeme. Hata binti mwenyewe alimpa yake.

“Basi tuache kuchaji,” kaka akasema.

“Tuache? Tukakae na simu zilizokufa kwa ajili ya programu?” nikafoka.

Mama yangu, niliyekaa naye nyuma, akauliza, “Sasa mimi iko wapi?”

Binti hakucheka. Alitoka kiti cha mbele, akaja kujibana kando ya bibi yake, akafungua kompyuta.

“Bibi, wewe iko hapa,” akasema. “Simu ndiyo itajifunza.”