Ukuta Uliovimba

Wajukuu zangu wanapuliza mapovu ya sabuni kwa bua la jani la papai. Yanaelea sebuleni, yanagusa ukuta, yanapasuka. Mama yao anawafokea kwamba wanachafua rangi. Mimi siwafokei, maana ukuta huo uliwahi kutoa mapovu yake wenyewe, tena makubwa kama mayai ya kanga.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao kugombea pamba hapa Bariadi. Zamani tulikuwa na ushirika tu. Basi kila kaya ikaota nyumba ya bati. Nawakumbuka wote kwa majina, waliomaliza nyumba na walioishia kwenye msingi, ila majina yao nayaacha. Wengine wamelala.

Na sisi tukajenga, matofali mabichi na bati juu. Shida ilikuwa mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mayu, yaani mama. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa imeinama, mvua ya kwanza ingemwangukia akiwa ndani. Mume wangu alimbembeleza mpaka akachoka.

"Mama, hamia kwetu. Mawingu hayo."

"Nikalale ndani ya debe? Mvua ikipiga bati, ng'ombe nitawasikiaje?"

"Nitawasikia mimi, mama."

"Wewe ukilala hata fisi akutafune husikii. Halafu nyumba yenyewe hamjaisiliba. Haina harufu ya watu."

Kwa Mayu, nyumba isiyosilibwa udongo na mavi ya ng'ombe kwa mikono ya wanawake wa kaya ilikuwa ghala. Mume wangu naye alikwishanunua rangi ya mafuta, ya bluu, ameileta kutoka Mwanza kwenye basi, kaipakata kama mtoto. Hakutaka kusikia habari ya mavi.

Mimi ndiye niliyewapatanisha, na mimi ndiye niliyekosea. Nikasema: tusilibe leo, rangi ipakwe kesho juu yake, kila mtu apate chake. Fundi alituambia tusubiri ukuta ukauke. Nikamjibu, mawingu yanasubiri?

Tukasiliba, mimi na Mayu, yeye amekaa anasiliba chini, mimi juu, vidole vyetu vinaacha mistari kwenye udongo. Kesho yake bluu ikapakwa. Ukuta ukang'aa, mume wangu akaita majirani. Mayu akanusa rangi tupu, akarudi kwake.

Siku ya tatu jua likachoma bati, na ukuta ukaanza kuvimba. Povu hapa, povu pale, mpaka ukajaa. Majirani wale wale wakarudi.

"Shemeji, nyumba yenu ina tetekuwanga!"

"Mmeipeleka zahanati?"

Mume wangu akaketi kizingitini, kichwa chini. Nami nililia jikoni, si kwa ajili ya rangi. Nilijua Mayu akiukuta ukuta hivi hatahama kabisa, na mawingu yalikuwa yamekwishashuka upande wa Zagayu.

Mayu akaja na fimbo yake. Macho yalikuwa yamefifia, kwa hiyo akakaa chini, akaupapasa ukuta. Kidole kikakuta povu. Akabonyeza. Paa! Ganda la bluu likaanguka. Akasogeza pua, akanusa. Kisha akaweka vidole vyake vinne ndani ya lile tundu, vikaingia sawasawa kwenye mistari aliyoichora mwenyewe kwa udongo.

"Ng'wanawane," akaniita, mwanangu, "kumbe mlinifunika tu."

Akapasua la pili, la tatu, anacheka kama binti. Mume wangu akainua kichwa.

"Mama, nitaukwangua wote, nipake upya."

"Ole wako uuguse. Lete kitanda changu."

Kilibebwa mchana ule ule. Mvua ikaja siku ya pili yake, na kabla haijakatika tulisikia nyumba ya nyasi ikilala chini, polepole, kama ng'ombe mzee. Mayu alikuwa kitandani kwetu, mkono ukutani, anatafuta povu lingine.

"Si nilisema?" akatupigia kelele, bati linanguruma. "Ng'ombe siwasikii!"

Na akabonyeza.